Paa limebonyea: anzia kwenye ncha za kenchi (mbao zinazobeba paa)

Katika nyumba za zamani za Bukavu, manjanja (mabati ya paa) yakibonyea usikimbilie kuyabadilisha. Panda darini na tochi na bisibisi, mvua ikinyesha. Dunga kenchi kwa bisibisi pale inapolalia ukuta: ikizama sentimita 1 bila nguvu, mbao imeoza.

Kabla ya kukata, egemeza kenchi kwa nguzo iliyosimama sakafuni, kamwe si juu ya dari. Ondoa uozo wote, kisha bana vipande vipya pande zote mbili, vikishika mbao isiyooza sentimita 60 angalau, kwa bolti 4 za milimita 12 zenye washa (pete za chuma) pana. Misumari mitupu hulegea, hasa kwenye mkaratusi mbichi, ambao hupinda ukikauka. Tandika plastiki nzito juu ya ukuta, la sivyo unyevu utarudi palepale.