Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujaribu Nadharia Tete

Mwanafunzi anayeanza somo la takwimu mara nyingi hudhani kwamba kazi ya kujaribu nadharia tete, yaani dai linalopimwa kwa data, huanza pale anapofungua jedwali la t (orodha ya mipaka ya kukataa au kutokataa dai) au programu ya kompyuta. Kwa kweli, kufikia hapo karibu kila uamuzi wenye uzito unapaswa kuwa umekwisha kufanywa na kuandikwa, kwa sababu hesabu hutegemea maamuzi hayo, na mtu aliyekwisha kuziona data ni vigumu kwake kuamua bila kuvutwa na kile alichokiona.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba swali linahusu kundi zima na si sampuli, yaani sehemu ndogo ya kundi hilo inayopimwa. Tuchukue mfano wa kiwanda kinachofunga unga wa mahindi katika paketi zilizoandikwa kilo 2, na mkaguzi anayekusudia kupima paketi 25. Wastani wa paketi hizo 25 hauhitaji kudhaniwa, kwani akishapima atakuwa nao mkononi. Kinachodhaniwa ni wastani wa paketi zote zinazotoka katika mashine hiyo, ambazo hakuna atakayezipima zote. Kwa hiyo nadharia tete ya msingi itasema kwamba wastani wa paketi zote ni gramu 2,000, na nadharia tete mbadala itasema kwamba wastani huo ni pungufu ya gramu 2,000. Alama ya usawa hukaa katika nadharia ya msingi, kwa sababu ni lazima tuwe na thamani moja mahususi ya kuanzia ili tuweze kukokotoa ni matokeo gani yangetarajiwa iwapo thamani hiyo ndiyo ya kweli.

Uamuzi unaofuata, nao ndio unaowaponza wengi, ni kuchagua kati ya jaribio la upande mmoja (linalotafuta upungufu tu, au ziada tu) na la pande mbili (linalotafuta vyote viwili). Uchaguzi huu hutoka kwa mwenye swali. Mkaguzi anayemlinda mnunuzi hujali upungufu tu, ilhali meneja wa kiwanda hujali pande zote mbili, maana mashine inayozidisha unga humtia hasara kama vile inayopunguza inavyomharibia jina. Tuseme paketi 25 zimepimwa, wastani wake ni gramu 1,991 na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi uzito wa paketi unavyotawanyika kuzunguka wastani, ni gramu 25. Kosa sanifu la wastani, yaani kiasi ambacho wastani hutarajiwa kuyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine, ni 25 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 25, yaani gramu 5, na thamani ya t, yaani tofauti ya −9 kati ya 1,991 na 2,000 gawanya kwa 5, ni −1.8. Kwa digrii za uhuru 24 (idadi ya paketi kutoa 1) na kiwango cha 0.05 (uwezekano tunaoukubali wa kuikataa nadharia ya msingi ilhali ni ya kweli), jaribio la upande mmoja lina mpaka wa −1.711, hivyo nadharia ya msingi inakataliwa. Jaribio la pande mbili lina mipaka ya −2.064 na 2.064, hivyo haikataliwi. Paketi ni zilezile na mizani ni ileile. Aliyechagua upande baada ya kuiona −1.8 amejipa uhuru wa kuchagua jibu, na uwezekano wake halisi wa kukosea hauko tena pale alipouandika.

Kiwango cha 0.05 chenyewe hakina utakatifu wowote. Mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher alikipendekeza katika miaka ya 1920 kama kipimo kinachofaa kwa kazi za kawaida, na vitabu vya kiada vikakirithi. Kabla ya kukitumia, mwanafunzi ajiulize kila kosa litamgharimu nani. Kosa la aina ya kwanza ni kuikataa nadharia ya msingi ilhali ni ya kweli: kiwanda kisicho na hatia kinaadhibiwa. Kosa la aina ya pili ni kushindwa kuikataa ilhali si ya kweli: wanunuzi wanaendelea kupunjwa. Wanatakwimu Jerzy Neyman na Egon Pearson, waliojenga mfumo wa makosa haya mawili mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, walionyesha kwamba kwa ukubwa uleule wa sampuli, ukilibana kosa la kwanza, la pili huongezeka.

Kwa sababu hiyo idadi ya vipimo ipangwe mapema, na hapa hakuna mfano ninaoupenda kuliko ule wa Fisher, alioueleza mwaka 1935. Mwanamke mmoja alidai kwamba kwa kuonja tu anaweza kujua kama kikombe kimetiwa maziwa kwanza au chai kwanza. Sisi tuliozoea kuchemsha maziwa na majani ya chai katika sufuria moja huenda tukaliona dai hilo ni geni, lakini muundo wa jaribio ni safi kabisa. Vikombe 8 huandaliwa, 4 kwa kila namna, kisha hupangwa kwa bahati nasibu, na mwonjaji hutakiwa kuvitaja vile 4 vilivyotangulizwa maziwa. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe 4 kati ya 8, hivyo mtu anayebahatisha atapatia vyote mara 1 katika 70, takribani 0.014. Akikosea kikombe kimoja katika vile 4, uwezekano wa kupata matokeo kama hayo au bora zaidi kwa kubahatisha unapanda hadi 17 kwa 70, karibu 0.24, na hayo hayathibitishi lolote. Sasa fikiria vikombe 4 tu, 2 kwa kila namna. Njia ni 6, na hata mwonjaji asiyekosea kamwe hatashuka chini ya 1 kwa 6, takribani 0.17. Jaribio hilo haliwezi kufikia 0.05 kwa matokeo yoyote yale, na ukweli huo ulikuwa wazi kabla ya maji kuchemka. Mkaguzi wetu naye, ikiwa wastani wa kweli wa mashine ni gramu 1,990, kwa paketi 25 na jaribio la upande mmoja atashindwa kuugundua upungufu huo zaidi ya mara moja katika kila mara tatu.

Masharti ya jaribio yakaguliwe pia. Jaribio la t lilitokana na kazi ya William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyeandika mwaka 1908 kwa jina la Student, na lilikusudiwa sampuli ndogo kutoka katika mgawanyo wa kawaida, yaani ule wenye umbo la kengele ambamo vipimo vingi hukaa karibu na wastani. Zaidi ya yote, vipimo visitegemeane: paketi 25 zilizotolewa katika boksi moja zimejazwa karibu dakika zilezile na haziwakilishi kazi ya siku nzima.

Mwisho, sentensi mbili za hitimisho ziandikwe mapema, moja kwa kila matokeo. Ya pili isiseme kwamba nadharia ya msingi imethibitishwa, bali kwamba ushahidi haukutosha kuikataa. Thamani ya p nayo isielezwe kuwa ni uwezekano wa nadharia ya msingi kuwa kweli. Chama cha Takwimu cha Marekani kililazimika kulisisitiza hilo katika tamko lake la mwaka 2016. Thamani ya p ni uwezekano wa kupata matokeo kama haya, au yaliyo mbali zaidi na yanayotarajiwa, iwapo nadharia ya msingi ni ya kweli. Na kando ya sentensi hizo mkaguzi aandike upungufu wa gramu ngapi unamdhuru mnunuzi, kwa kuwa akipima paketi nyingi vya kutosha, hata upungufu wa gramu 1 utaikataa nadharia ya msingi.