Kutoka kwenye kikaratasi hadi biwi la mboji: kuendesha mawazo ya wanafunzi katika klabu ya mazingira

Nimelea klabu za mazingira katika shule za sekondari za kutwa kwa miaka kadhaa, na sijawahi kukutana na wanafunzi waliokosa mawazo. Kinachokosekana ni njia ya kulitoa wazo mdomoni likafanyiwe kazi. Roots & Shoots yenyewe, mtandao wa klabu za vijana za kutunza mazingira, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991, pale wanafunzi 12 walipokutana na mtafiti wa sokwe Jane Goodall wakamweleza yaliyokuwa yakiwasumbua. Walezi wenzangu, mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Zungukeni shule kabla ya kikao

Wanafunzi wachukue daftari, chupa tupu ya lita moja, na mzani wa kuazima jikoni. Wapime taka za siku moja wakiwa wamezitenganisha: maganda na majani kando, karatasi kando, plastiki kando. Kisha waende kwenye koki inayovuja, wakinge chupa na kutazama saa. Ikijaa kwa dakika 20, hizo ni lita 3 kwa saa, lita 72 kwa siku, karibu madumu manne ya lita 20. Hesabu hiyo waipige wenyewe ubaoni. Mtoto anayebeba dumu kichwani kila jioni ataielewa kuliko hotuba yoyote utakayompa.

Hatua ya 2: Kila mtu aandike, bila jina

Ukiuliza kwa mdomo, kidato cha nne watasema na kidato cha kwanza watanyamaza. Gawa vipande vya karatasi iliyotumika upande mmoja. Kila mmoja aandike jambo moja aliloliona na analotaka lifanyike. Katibu avisome vyote kwa sauti, hata vinavyofanana, maana linalojirudia ndilo linalowagusa wengi.

Lakini sikiliza na kile kilicho peke yake. Kwetu mboji ilitokana na kikaratasi kimoja tu: "Maganda tunayachoma, halafu bustani haina mbolea." Mwandishi wake alijitokeza wiki tatu baadaye, biwi likiwa tayari limeanza kutoa mvuke. Alikuwa binti wa kidato cha kwanza ambaye sikuwahi kumsikia akiongea darasani.

Hatua ya 3: Chujeni kila wazo kwa maswali matatu

Tunaweza kuanza ndani ya wiki moja bila kuchangishana? Ruhusa tuombe kwa nani? Likizo ikifika, nani atabaki nalo?

Swali la tatu usiliruke. Katika shule niliyofundisha zamani tulipanda miche 60 siku moja, mwishoni mwa Mei, mvua za masika zikiwa zinaishilia. Tukapiga picha, tukafunga shule. Tuliporudi Julai mingi ilikuwa imekauka, na iliyobaki ilikuwa imeliwa na mbuzi. Kosa lilikuwa langu, na liliwavunja moyo watoto waliokuwa wamechimba mashimo yale kwa mikono yao. Sasa tunapanda masika yanapoanza, miche michache, na kila mche una walezi wawili wanaoishi karibu na shule.

Hatua ya 4: Anzeni na moja, mlifanye vizuri

Nitaeleza mboji kwa sababu haihitaji fedha na matokeo yake yanaonekana ndani ya muhula.

Chagueni mahali penye kivuli, mbali na kisima. Tandikeni vijiti vikavu chini ili hewa ipite. Juu yake wekeni tabaka nene la majani makavu, tabaka jembamba la maganda na majani mabichi, kisha samadi kidogo na udongo. Nyunyizeni maji, mrudie mpaka biwi lifike urefu wa mita moja. Upana nao uwe kiasi hichohicho. Vikavu viwe vingi kuliko vibichi, la sivyo litanuka, na mkuu wa shule atataka liondolewe. Nyama, mafuta na plastiki visiingie kabisa.

Chomekeni fimbo katikati. Baada ya siku chache ichomoeni muishike: ikiwa ya moto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongezeni maji. Ikiwa baridi na imelowa chapachapa, pindueni na kuongeza majani makavu. Pindueni kila baada ya wiki mbili. Kwa kawaida mboji huchukua miezi mitatu hivi kuwa nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Maganda yakipungua, mama lishe wa getini huwa na ndoo nzima ya kuwapa, mradi mwende kumwomba kwa adabu na kumrudishia ndoo ikiwa safi.

Hatua ya 5: Pelekeni wazo nje ya klabu

Mstarini, wanafunzi waseme wenyewe uzito wa taka za wiki ya kwanza na za sasa. Kisha watembelee shule jirani wakiwa na ndoo ya mboji, wenzao waishike na kuinusa, nao wageni wawaulize wenyeji wanafanya nini kuhusu maji au karatasi. Sisi tulirudi na wazo la kukinga maji ya mvua kwa mapipa chini ya paa la madarasa.

Kila kitu kiandikwe katika daftari moja la klabu: vipimo, makosa, zamu za likizo. Kidato cha nne wanapoingia kwenye mtihani wa Novemba, daftari liwe tayari mikononi mwa kidato cha pili, pamoja na ile fimbo ya biwi.