Kishikio cha osiloskopu kimekatika: weka supaglu pembeni kwanza

Kijana mmoja alifika kibandani kwangu Gerezani ameikumbatia osiloskopu, ile mashine ya mafundi inayoonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, kwa mikono miwili kama mtoto mwenye homa. "Shikamoo fundi. Kimekatika tena."

Neno "tena" ndilo lililonifanya niache nilichokuwa nashika. Mashine ni ya mtumba, megahezi 20, ya picha tyubu (kioo kama cha TV za zamani za chogo), uzito wake kama kilo saba na nusu. Inapima vizuri kabisa. Shida ni kishikio cha kubebea: mkono wa kulia umekatika pale unapoungana na kitovu chenye meno, kile kinachozunguka ili kishikio kigeuke kuwa mguu wa mezani. Alishakibandika supaglu mara mbili. Mara ya pili kiliachia akiwa anapanda daladala, bahati nzuri goti lilikuwa karibu.

Supaglu inashika vizuri ukivuta moja kwa moja. Ila ikishakauka ni kavu kama kioo, na kishikio hakivutwi moja kwa moja: kila ukinyanyua, pale kwenye kitovu panapinda na kushtuka. Kwa hiyo mahali hapa panahitaji chuma ndani. Gundi inakuja kukishika chuma tu.

Hatua ya 1: Toa kishikio

Chomoa waya wa umeme, fungua skrubu za pembeni, piga picha springi na washa (vile visahani vyenye tundu katikati) zilivyopangwa. Kama mashine yako inataka ufungue jalada zima ndipo kishikio kitoke, na hujawahi kufanya kazi na picha tyubu, mpe anayezijua. Mle ndani kuna volti elfu kadhaa na zinaweza kubaki hata baada ya kuzima.

Hatua ya 2: Jua ni plastiki gani

Wengi hatua hii wanairuka. Mimi mwenyewe iliwahi kunila siku kadhaa, kwa hiyo nivumilie.

Anza kwa kuangalia upande wa ndani wa kishikio. Mara nyingi kuna maandishi madogo kati ya mishale miwili: ABS (plastiki ngumu ya vifaa vingi vya umeme), PC (polikaboneti), PP (polipropilini), au PA66 (nailoni). Ukiona PA66-GF30 maana yake ni nailoni yenye nyuzi za kioo asilimia 30. Ukiyakuta maandishi, kazi imeisha, nenda hatua ya 3.

Yasipokuwepo, kwangua kipande kidogo kutoka mahali pasipobeba uzito, kitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. Kikielea, karibu hakika ni polipropilini, na hiyo haishikwi na gundi yoyote ya kawaida. Usihangaike nayo: piga bati la alumini kwa ndani, funga kwa boliti na nati, basi. Kikizama, endelea.

Chovya kijiti cha pamba kwenye asetoni, gusisha upande wa ndani, hesabu mpaka 30, kisha bonyeza kwa ukucha. ABS inalainika na kunata, na pamba inatoka na rangi ya plastiki. Nailoni haijali kabisa. Polikaboneti ndiyo ya kuogopa: inageuka nyeupe na kutoa nyufa nyembamba ambazo baadaye zinaongezeka, ndiyo maana nasema upande wa ndani, tone moja, basi.

Sasa yaliyonikuta. Miaka ya nyuma nilipima kishikio cha aina hiihii kwa asetoni, pamba ikatoka ya kijivu, nikasema hii ABS. Nikayeyusha vipande vya ABS ndani ya asetoni vikawa uji, nikapaka, nikaacha siku mbili. Siku ya tatu nimekishika tu, uji wote ukabanduka mzima kama gamba la kidonda. Nikarudia, safari hii nikapiga msasa zaidi. Ukabanduka tena. Kumbe kile cha kijivu kwenye pamba kilikuwa rangi! Kiwandani walipaka rangi juu ya nailoni. Tangu siku hiyo nakwangua rangi kwa wembe hadi nione plastiki yenyewe ndipo nipime.

Na asetoni iwe asetoni. Dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha siku hizi hazina asetoni, na nyingine zimetiwa mafuta ya kulainisha kucha yanayoacha utelezi. Soma chupa. Duka la rangi utaipata safi.

Bado una shaka? Choma unyoya mdogo wa plastiki kwa koleo, nje, upepo ukiwa mgongoni. ABS inatoa moshi mweusi wenye masizi. Nailoni inanuka kama nywele zilizoungua. Usivute kwa makusudi, harufu itakufuata yenyewe.

Cha kijana kilikuwa ABS. Mapande ya zamani yanakauka kwa jua na umri, ndiyo maana yanakatika ghafla bila kupinda.

Hatua ya 3: Chuma ndani

Kwangua supaglu yote ya zamani. Yote. Gundi mpya ikikaa juu ya gundi ya zamani, inashika gundi ya zamani.

Chuma changu ni spoku ya baiskeli. Ina unene wa milimita 2, ni ngumu, na fundi baiskeli yeyote ana zilizokatika za kukupa bure. Msumari unapinda, usiutumie. Kata vipande viwili vya sentimita 4, vikwaruze kwa tupa ili gundi ipate pa kushika. Viwili, kwa sababu kimoja kinaruhusu kishikio kuzunguka.

Tatizo ni kupata matundu yanayotazamana. Ukikadiria kwa jicho utakosea, na nusu milimita tu inatosha mapande yasikutane. Toboa upande wa mkono kwanza, biti ya milimita 2.5, kina sentimita 2. Noa ncha ya kipande kifupi cha spoku, kiingize tunduni, kitokeze kidogo tu. Pakaa ncha rangi ya mdomo (mke wangu ameshanunua nyingine, hii ni ya kazi), kutanisha mapande kama yalivyovunjika, bonyeza mara moja. Alama nyekundu upande wa pili ndiyo katikati ya tundu. Rudia kwa tundu la pili. Toboa kwa mkono, polepole. Drili ya umeme ikienda kasi inayeyusha ABS na tundu linahama.

Ingiza spoku kavu ujaribu. Mwanya usionekane kabla hujagusa gundi.

Hatua ya 4: Gundi

Epoksi ya vichupa viwili, ile ya kukauka saa 24. Ile ya dakika tano nimeiacha. Kwa joto la Dar inaanza kuganda kabla hujamaliza kuchanganya. Msasa namba 80, futa kwa spiriti, usiguse tena kwa vidole. Jaza matundu, paka nyuso, kutanisha, funga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Meno ya kitovu yapake mafuta ya mgando gundi isiyaingie, ila yakigusa sehemu ya kuunga umeharibu, anza upya.

Kesho yake, kama ni ABS, chonga mfereji kando ya ufa na ujaze uji wa ABS: vipande vya plastiki hiyohiyo ndani ya asetoni, kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, usiku mzima hadi vinakuwa kama uji mzito. Tabaka jembamba, subiri, jingine. Tabaka nene linaganda juu na kubaki na mapovu ndani. Na jiko la mkaa lisiwepo hata chumba cha pili, maana mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa na unatambaa sakafuni.

Nailoni haikubali uji huu. Ongeza bati dogo la alumini kwa ndani na skrubu mbili.

Wapo watakaokwambia yeyusha kwa pasi ya kulehemu kama wanaoziba mabeseni. Beseni halibebwi juu ya miguu ya mtu.

Hatua ya 5: Ndoo

Usijaribu kwa mashine. Ning'iniza ndoo ya lita 20, tia maji lita 15, yaani mara mbili ya uzito wa osiloskopu, iache usiku kucha. Asubuhi inyanyue na kuishusha kwa mshtuko mara kadhaa. Ufa wowote mweupe ukitokea kando ya kiungo, rudi hatua ya 3.

Cha kijana kilipita. Wakati wa kurudisha, skrubu za kitovu kaza mpaka kishikio kigeuke kwa uzito kidogo, kisha rudisha robo mzunguko. Alikuwa amezikaza mpaka mwisho, na ndani ya kitovu tulikuta washa moja imepasuka vipande viwili.