Kabla "ile hela" haijakukuta: mambo ya kuandaa nyumbani

Ni nadra kumpata mwenye laini ya simu Tanzania ambaye hajawahi kuletewa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wengi tunaucheka na kuufuta. Ila haukutungwa kwa ajili ya wanaocheka. Umetungwa kwa ajili ya yule mmoja ambaye dakika hiyohiyo alikuwa anataka kumtumia mwenye nyumba kodi. Huyo si mjinga, ujumbe umemkuta njiani tu. Kwa hiyo maandalizi hufanywa siku tulivu, tuseme Jumapili baada ya chakula, simu zote za nyumbani zikiwa mezani.

Anzeni na makubaliano, programu baadaye. Ombi la hela likija kwa maandishi, hata kutoka kwa namba mnayoijua, halilipwi mpaka mhusika apigiwe na sauti yake isikike. Namba ya shule ya mtoto ihifadhiwe kwenye simu ya kila mkubwa, kwa sababu wapo matapeli wanaojifanya walimu: mtoto kaanguka, yuko hospitali, hela inatakiwa sasa hivi. Mzazi akisikia hivyo hakumbuki kitu kingine. Chagueni pia neno moja la siri la familia, hata jina la mbuzi wa babu, ambalo aliyekwama kweli ataulizwa. Siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu. Jina la mbuzi hailijui.

Bibi naye awepo kwenye kikao. Aelezwe kwamba kampuni za simu nchini hupigia wateja kwa namba 100, basi. Anayepiga kwa namba ya kawaida akidai anarekebisha usajili, "bonyeza hii, sasa weka namba ya siri", akatiwe simu hapohapo. Hapa adabu yetu ndiyo inayotuponza: tunaona haya kumkatia mtu anayetuita "mama" kila baada ya neno.

Halafu laini zenyewe. Piga *106# ufuate maelekezo, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika uifute. Fanya hivyo hasa kama uliwahi kusajili laini kwa kijana wa mwavuli aliyekwambia "weka dole tena, halijasoma". Huenda lilisoma mara zote mbili. Weka pia PIN ya laini, tofauti na ile ya kufungulia simu, ili mwizi asichomoe laini akaichomeka kwenye simu yake na kupokea namba zako za uthibitisho. Kabla ya kuiweka, tafuta kile kikadi laini ilichokuja nacho: ukikosea PIN mara 3 utadaiwa PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na mara nyingi imeandikwa humo.

Kwenye WhatsApp, washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani PIN ya ziada unayoichagua mwenyewe. Ile namba ya tarakimu 6 inayokuja kwa meseji hapewi mtu, hata rafiki anayedai "nimeituma kwako kwa bahati mbaya". Ukimpa, kesho yeye ndiye atakayekuwa anawakopa ndugu zako kwa jina lako.

Virusi huingia kwa milango ya kawaida kabisa. Flashi iliyotoka steshenari kuchapisha fomu ya shule inarudi na mafolda yamegeuka shotikati (alama za njia ya mkato). Usibofye kitu, ichanganue kwanza kwa kinga iliyomo ndani ya Windows, ni ya bure na inatosha kwa nyumba nyingi. Anayetafuta antivirusi iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa, anamwita fundi kufuli ambaye ni mwizi. WhatsApp za "GB", zile zisizo rasmi, nazo zitoke, na programu yoyote iliyotumwa kwenye kundi ikiwa APK (faili la kusakinisha programu ya Android) isiguswe. Programu za mikopo ya haraka zinazotaka kusoma majina yote ya simu yako ziogopwe zaidi: ukichelewa kulipa, watakaopigiwa ni mkweo na bosi wako. Kama kompyuta bado ni ya Windows 10, jua kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, usiiachie mambo ya benki.

Picha na vyeti vitengenezewe nakala kwenye diski ya nje, kisha diski ichomolewe. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga nayo.

Mwisho andikeni karatasi mbandike ndani ya mlango wa kabati: 100 ya mtandao wa simu, namba ya benki iliyo nyuma ya kadi, na 15040 ya kuripoti namba za matapeli. Ikitokea hela imeondoka, piga 100 kwanza kabla ya kumsimulia mtu, maana inaweza kutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache. Kisha nenda polisi ukachukue RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Ujumbe wa tapeli na ule wa muamala usivifute kwa hasira, ndivyo utakavyoombwa kaunta.