Kumpa Mungu utukufu katika mahubiri: kuanzia daftarini hadi mlangoni

"Utukufu ni wa Bwana" mara nyingi hutamkwa mwishoni, baada ya mhubiri kujieleza yeye mwenyewe kwa nusu saa. Maneno hayo hayarekebishi mahubiri. Marekebisho hufanyika daftarini, siku mbili tatu kabla ya Jumapili.

Tuseme somo ni Naamani, jemadari mwenye ukoma, 2 Wafalme 5. Shika kalamu ya bluu, pigia mstari kila jambo analolitenda Mungu. Utaanza mapema kuliko ulivyodhani: katika mstari wa 1, ushindi wa jemadari huyu wa Shamu (Siria) umeandikwa kuwa ni BWANA aliyeutoa. Kisha mtazame nabii. Mstari wa 10, Elisha hatoki hata nje, anatuma mjumbe amwambie akaoge mara saba katika mto Yordani. Naamani anakasirika, maana alitegemea nabii atoke, asimame, apungepunge mkono juu ya ugonjwa. Hakupata mtu wa kumtazama, alipata neno na mto. Ndiyo maana akirudi amepona, mstari wa 15, anamkiri Mungu wa Israeli. Na Elisha anazikataa zawadi. Hapa ndipo penye uzito wa sura hii, na hapa ndipo wengi hupita mbio.

Sasa chukua kalamu nyekundu upitie daftari lako, upigie mstari kila "mimi", "huduma yangu", "nilipoomba". Nyekundu ikizidi bluu, andika upya. Kisa chako kimoja kinatosha, dakika mbili, na kiwe kile ambacho wewe ndiye uliyesaidiwa.

Kosa kubwa katika somo hili ni kuligeuza kanuni: jichovye mara saba, upate gari. Hapo Mungu anafanywa mdaiwa, na sifa inakwenda kwa aliyejichovya. Jipime hivi: ondoa jina la Yesu kwenye muhtasari wako. Muhtasari ukisimama vilevile, hayo bado si mahubiri ya Injili. Kwa Naamani njia iko wazi, Yesu mwenyewe anamtaja katika Luka 4:27.

Siku ya ibada, mwombe mwongoza ibada akutambulishe kwa jina na somo tu, nusu dakika. Sifa ndefu huwafanya watu wakusubiri wewe badala ya kulisubiri Neno.

Ushuhuda usikilizwe kwanza pembeni, kabla mtu hajapewa kipaza sauti, na usizidi dakika tatu. Akisema "mtumishi huyu ameniponya", sahihisha palepale, kama Petro katika Matendo 3:12, kabla umati haujatawanyika. Mtu akisema amepona, mshukuruni Mungu pamoja naye, kisha arudi kwa daktari akapimwe. Asiache ARV, wala dawa za kisukari au presha, kwa agizo la madhabahuni. Mtu akizidiwa kwa sababu hiyo, ameumizwa mwana wa Mungu, na jina Lake linatukanwa mtaani.

Mlangoni utaambiwa, "Mtumishi, leo umetubariki!" Usijibu "mimi si kitu, mimi ni mavumbi", maana bado mazungumzo yanakuhusu wewe. Sema, "Asante mama, Mungu asifiwe. Neno lipi limekugusa?" Kisha nyamaza umsikilize. Akilitaja, mwombee papo hapo kwa neno hilohilo. Akikosa la kutaja, rudi na daftari lako Jumatatu.