Likizo ndefu nyumbani Mombasa: jinsi ya kupumzika kwelikweli

Ukishuka treni pale Miritini, usianze kufungua ujumbe wa kwaya. Nenda nyumbani, oga, kula, lala. Ujumbe utaukuta kesho.

Mwaka jana nilifanya kinyume. Nilifika kwetu Mikindani Ijumaa, Jumamosi nikawa mazoezini, Jumapili nikaongoza nyimbo ibada zote mbili. Wiki iliyofuata kambi ya vijana, kisha semina, kisha mikutano ya injili ya jioni. Kila nilichoombwa nilikubali, maana nilidhani kumkatalia kiongozi ni kumkatalia Mungu. Jioni moja navaa viatu mlangoni, mama akaniuliza, "Mwanangu, utakuja nyumbani lini?" Hiyo ilikuwa wiki ya tano tangu nifike. Usiku ule sikulala.

Basi likizo hii nimeipanga hivi, na wewe uliyetoka kwenye mitihani ukiwa hoi, jaribu.

Siku 3 za kwanza ni za usingizi. Usione haya. Eliya alichoka hata akatamani kufa, akalala chini ya mti wa mretemu. Malaika akamwamsha ale mkate na anywe maji, naye akalala tena. Hakukemewa. Isome mwenyewe, 1 Wafalme 19. Mwambie mama mapema tu, asije akadhani unaumwa. Julai na Agosti kusi inavuma na joto limepungua, kwa hiyo mkeka barazani baada ya chakula cha mchana unatosha kabisa.

Siku ya 4 nenda ukaonane na kiongozi wako ana kwa ana, umwambie huduma moja utakayofanya. Mimi nilichagua watoto wa shule ya Jumapili. Nilimwamkia, nikasema, "Naomba likizo hii nihudumu Jumapili kwa watoto tu. Siku nyingine niko na wazazi." Usitoe sababu 10, utajikuta umekubali jambo la pili. Akisisitiza, kumbuka Marko 6, Yesu alipowachukua wanafunzi faraghani wapumzike kwa kuwa hata nafasi ya kula walikuwa hawana.

Lakini kupumzika si kukaa kama mgeni. Maji ya mfereji yakikatika, ile mitungi ya lita 20 isibebwe na mama huku wewe umejilaza. Shika kazi moja ya kila siku iwe yako. Yangu ni mahamri, maana mama anauza asubuhi. Jioni nakalia mbuzi nikakuna nazi, mama anachuja kwa kifumbu, na tui zito la kwanza linaingia kwenye unga wenye sukari, hamira na iliki iliyotwangwa. Tunakanda kwa zamu hadi unga uache kunata mkononi, tunaufunika kitambaa, tunauacha uumuke. Adhana ya alfajiri ikisikika kutoka msikiti wa jirani, tunaamka. Unga umefika ukingo wa sufuria. Mama anasukuma na kukata pembe, mimi nasimama kwenye karai. Hamri likielea unalimwagia mafuta ya moto kwa upawa, nalo linafura.

Saa hiyo ndiyo mama huongea. Mchana ana wateja, usiku amechoka, ila alfajiri, mikono ikiwa kazini, aliniambia jinsi alivyoomba miaka mingi kabla sijazaliwa, na siku aliyokaribia kuacha kuomba. Miaka yote hii sikuwahi kuyasikia hayo. Simu iache chumbani.

Ibada ya nyumbani ifuate ratiba ya mzazi mwenye shifti. Baba yuko bandarini, na zamani tulikuwa tukisali saa 3 usiku akiwa hayupo, kana kwamba hatumhitaji. Sasa tunasali saa 11 jioni kabla hajaondoka: Zaburi moja, wimbo mmoja anaouchagua mdogo wangu, baba anaomba, basi. Dakika 15. Wewe uliyesoma Biblia chuoni usigeuze kikao kuwa mahubiri. Mdogo wangu anasoma polepole, anarudia mistari, nami nimejifunza kumngoja bila kumsahihisha.

Tengeni siku moja mtoke wote. Sisi tulikwenda Rabai: matatu hadi Mazeras, kisha nyingine, na chupa ya chai kwenye kikapu. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na binti yao mchanga. Kaburi liko upande wa Nyali. Mwaka 1846 yeye na mmisionari mwenzake Rebmann wakaanzisha kituo cha misheni pale Rabai. Nilimsimulia baba hayo tukiwa tumekaa kivulini. Alinyamaza kitambo, kisha akaanza kumtaja dada yake aliyefariki, ambaye huwa hamtaji. Hatukuwa na haraka ya kwenda popote, ndiyo maana alipata nafasi.

Jumapili nyingine bustani ya Mama Ngina kando ya bahari inatosha, kwa madafu na mihogo ya kuchoma yenye ndimu na pilipili.

Wiki ya mwisho funga begi siku 2 kabla ya safari, ili jioni ya mwisho mikono yako iwe huru kukuna nazi.