Fisi, boma na zile kola za GPS: anza na usiku

Wafugaji wenzangu wa Witu na Mpeketoni, naulizwa sana hizi kola za GPS za kuvalisha mifugo shingoni, alafu swali ni lile lile, je nikinunua ntalala? Usingizi unaletwa na boma jamani, kola baadae.

Kola inafanya kazi ivi: unachora mpaka kwa simu, mnyama akiukaribia inalia, akizidi kwenda anapigwa shoti ndogo, baada ya siku kadhaa anageuka akisikia mlio tu. Norway wanazo mpaka za mbuzi, na Marekani wako wafugaji wanaozitumia kuwaweka ng'ombe mbali na mbwa mwitu (wa kule, si hawa wetu wa madoa). Lakini kola amevaa ng'ombe, fisi hajavaa, yeye huo mpaka anaupita tu. Na ukiwa ndani kule kusiko na network kola haipokei mpaka mpya.

Kwa hivo boma kwanza. Miiba ipange minene, mathenge (ule mti wa miiba) ni mazuri, mashina yaangalie ndani na matawi yenye miiba yaangalie nje, yashikane, urefu upite kichwa cha mtu mzima. Ziba mpaka ng'ombe wasione nje, mana simba mara nyingi haingii, anawatisha tu wao wenyewe wavunje boma watoke. Alafu mlango! Mimi mbuzi watatu walichukuliwa mlangoni, ukuta mzima ulikuwa sawa lakini mlango nimeegesha tawi moja, bado inaniuma. Weka mbao au mabati, chini kusibaki uwazi manake fisi anachimba. Ukipata taa za sola za kuwaka na kuzima kama zile alizobuni Richard Turere wa Kitengela akiwa mtoto, zungusha, mnyama anadhani kuna mtu anatembea na tochi.

Kukipambazuka na mzoga usiuguse. Angalia nyayo, za fisi zina alama za kucha, za simba hazina, piga picha na kitu kando kuonesha ukubwa, alafu ita KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) siku ile ile waje waone, sheria ya wanyamapori ya 2013 inaruhusu kudai fidia ya mifugo na fisi yumo kwenye orodha.

Na sumu wallahi usiweke kwa mzoga, watakufa tumbusi na mbwa wako mwenyewe wa kulinda, fisi mwengine atakuja kesho yake na hakuna wa kubweka.